Sauti Ikikwaruza Wiki Tatu, Koo Litazamwe

Kila aliyepita darasa la historia nchini Tanzania analikumbuka jina la Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 Carl Peters alipanda kutoka pwani hadi Usagara, akaketi na mtawala huyo, na karatasi waliyotiliana alama ikawa mojawapo ya mikataba iliyowafungulia Wajerumani mlango wa Tanganyika. Februari 27, 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wake. Vilima vya Mamboya, ambako wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikuwa wamejenga kituo tangu karibu mwaka 1880, navyo vikaangukia ndani ya mpaka huo.

Vitabu vya shule havisimulii kilichompata mrithi wa Kaisari huyo miaka miwili baadaye. Januari 1887 sauti ya mwanawe, Friedrich, ilianza kukwaruza. Alikuwa na miaka 55, mwanajeshi mwenye mwili wa nguvu, mvutaji mkubwa wa kiko, na nyumbani walidhani ni mafua ya majira ya baridi. Machi, Profesa Gerhardt alimwingizia kioo kooni akaona kinundu kidogo kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Akajaribu kukikata kwa waya, kisha kukichoma. Kikaota tena. Mei, madaktari wa Berlin wakashauri koo lipasuliwe na kinundu kitolewe chote. Kabla kisu hakijashikwa akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, akanyofoa kipande kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, ambaye zama zile hakuwa na mpinzani katika kusoma nyama za mwili kwa hadubini. Virchow hakuona saratani ndani ya kipande kile, na upasuaji ukafutwa. Ikafuata miezi ya kubadilisha hewa na kutibu koo kijuujuu, hadi Novemba, katika mji wa San Remo nchini Italia, madaktari walipokubaliana kwamba ni saratani. Februari 1888 alitobolewa shingo ili apate kupumua. Machi 9 baba yake akafa, naye akawa Kaisari asiyeweza kutamka neno, akiandika aliyotaka kusema kwenye vipande vya karatasi. Juni 15 akafariki. Alitawala siku 99.

Kisa hiki kinamhusu mkazi wa Mamboya, Berega au Mikumi, wilayani Kilosa, kuliko anavyoweza kudhani. Ugonjwa ulibisha hodi mapema, kwa ishara moja ambayo kila aliyekaa naye mezani aliisikia. Kisha kipimo kimoja kilichotoka safi kikawatuliza watu wakati sauti yenyewe ikizidi kuharibika. Wagonjwa wanapotea hadi leo katika njia hizo mbili. Tofauti ni kwamba Friedrich alitazamwa koo ndani ya miezi miwili. Mkulima wa kijijini, zaidi ya miaka 135 baadaye, anaweza kumaliza mwaka mzima wa kukwaruza bila mtu yeyote kumtazama kupita pale ulimi unapoishia.

Hapo ndipo penye hoja. Tanzania haijakosa watu wa kuwaambia wananchi kuwa saratani ni hatari. Kinachokosekana, hasa mbali na miji mikubwa, ni mtu wa kulitazama koo. Mgonjwa hupewa dawa, akapewa nyingine, akabadilishiwa, na kila anayempa dawa hana kioo, hana kamera, wala hana maagizo ya lini aseme basi, huyu sasa aende mbele.

Safari yake huanzia duka la dawa muhimu. Maduka haya yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 yameokoa watu wengi, kwa kuwa yamesogeza dawa halali hadi kwenye senta ndogo kama za barabara ya Dumila. Muuzaji anamsikiliza mteja, anampa vidonge vya kumumunya, pengine amoksilini. Sauti isiporudi, mteja hurudi kuuliza kama kuna iliyo kali zaidi. Akilalamika kwamba chakula kinakwama kifuani, ataambiwa ni asidi au vidonda vya tumbo, na kuanzishiwa dawa ya kupunguza asidi ambayo kweli itampa nafuu ya wiki mbili, maana hata uvimbe huweza kuja na kiungulia. Nafuu hiyo ndiyo inayoponza. Mgonjwa anaamini dawa imeupata ugonjwa, hela ikipatikana anaongeza dozi, na mahindi yanaiva, yanavunwa, yanapukuchuliwa.

Kituo cha pili, kwa familia nyingi za Morogoro, Dodoma na pwani, ni kwa mkata kimeo. Kikohozi kisichokwisha, koo linalowasha, mtu anayehisi kitu kimekaa kooni: vyote husemwa ni kimeo kimerefuka na lazima kikatwe. Hukatwa kwa kisu au waya uliotumiwa kwa wengine, na madaktari wa masikio, pua na koo wamewapokea waliovuja damu nyingi, walioota usaha shingoni na walioambukizwa maradhi kwa vyuma visivyochemshwa. Kimeo hakina kosa. Ni kinyama laini kinachosaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Ila kukikata kuna hasara nyingine isiyosemwa sana: kunampa mgonjwa hakika ya uongo kwamba chanzo kimeshaondolewa. Miezi miwili ya kuuguza kidonda hupita, na kilichokuwa chini zaidi, mahali ambapo jicho tupu halifiki, kinaendelea kukua.

Ni vyema kueleza kwa nini sauti hutoa taarifa mapema hivyo. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo iliyo ndani ya kongomeo, na mtu anapozungumza hugongana zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Uvimbe mdogo kama punje ya mtama unatosha kuzizuia zisikutane barabara, na hewa ikivuja pale katikati, sauti hutoka na mkwaruzo. Tena sehemu hiyo ina mishipa michache ya limfu, ile ambayo saratani huitumia kusafiri kwenda kwenye matezi ya shingo. Kwa hiyo uvimbe ulioanzia juu ya nyuzi zenyewe hupiga kelele ukiwa bado mdogo na haujahama. Ukigunduliwa katika hatua ya kwanza, kwa mionzi peke yake au upasuaji mdogo, takriban wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ni saratani chache zinazompa binadamu nafasi ya namna hiyo.

Anayeanza kusikia badiliko hilo mara nyingi si mgonjwa. Mwalimu wa kwaya husikia sauti ya pili imepotea. Waumini msikitini husikia adhana imepwaya. Mke husikia mumewe akiita watoto kwa sauti isiyofika uani. Wengi wa wanaobadilika sauti, ni lazima kusema, hawana saratani. Mafua hukausha sauti, kupiga kelele mnadani hukausha sauti, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi mia moja huweza kuota vinundu visivyo na madhara. Hali hizo kwa kawaida huisha mtu akipumzisha koo. Ndiyo maana kipimo cha wakati kina thamani kubwa. Nchini Uingereza mtu huambiwa amwone daktari sauti ikibaki imebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, na kanuni hiyo haihitaji mtambo wowote. Inahitaji kalenda. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka, leo upo kesho haupo, hautishi sana. Ule unaokaa pale pale siku baada ya siku, hauna mafua, hauna homa, ndio wa kutazamwa.

Na ukitazamwa mara moja ukaonekana safi, huku sauti hairudi, utazamwe tena. Kinyama kilichokatwa kupelekwa maabara huweza kutoka pembeni ya ugonjwa wenyewe. Majibu safi ni habari njema pale tu yanapolingana na hali ya mgonjwa.

Chini ya koo la sauti liko umio, bomba la chakula, na huko habari ni nzito zaidi. Kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini upo ukanda ambao saratani ya umio huua watu wengi kupita kiasi ukilinganisha na sehemu kubwa ya dunia. Katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imekuwa ndiyo saratani inayoonekana zaidi, na miongoni mwa wagonjwa wake wamo vijana wasiofika miaka 30. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000, na kwa wanaume saratani ya umio ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza.

Umio ni laini na hutanuka. Kwa sababu hiyo husitiri ugonjwa kwa muda mrefu, na chakula huanza kukwama pale tu njia inapokuwa imezibwa sana. Lakini kabla ya kukwama kwenyewe kuna kipindi ambacho mezani mambo hubadilika, na macho ya mpishi yangeweza kuyaona. Mtu aliyekuwa akila ugali mkavu anaanza kuomba mchuzi mwingi. Kila tonge analisukuma kwa maji. Nyama anaiacha, anasema meno hayana nguvu. Anakuwa wa mwisho kumaliza kula, kisha anaanza kula peke yake ili asionekane. Baadaye ni wali laini, baadaye uji, na siku anaposhindwa kumeza maji ndipo gari linatafutwa. Kati ya ugali na uji huweza kupita miezi michache tu, na hiyo ndiyo miezi iliyokuwa na maana.

Familia huita hali hii kukosa hamu ya kula. Sivyo. Mtu mwenye hamu asiyeweza kumeza ni tofauti kabisa na asiyetaka kula, na swali moja la moja kwa moja linatosha kuwatenganisha: chakula kikiingia kinashuka? Akijibu kwamba kinasimama, na akaonyesha kwa kidole kifuani mahali kinaposimama, huyo hahitaji dawa ya asidi kwanza. Anahitaji kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa kooni hadi tumboni, mapema, hata kama anakula nusu ya sahani.

Zipo ishara nyingine zinazopotea kwa kuvaa sura ya maradhi yaliyozoeleka. Uvimbe mgumu shingoni usiouma, unaokua taratibu, mara nyingi huhesabiwa kuwa kifua kikuu cha matezi, na wakati mwingine ndivyo ulivyo. Ila mgonjwa akishakunywa dawa za kifua kikuu kwa wiki kadhaa na tezi likazidi kukua, sindano ya kuchukua sampuli ingepaswa kuwa imeshaingia. Maumivu ya sikio moja yasiyoisha, huku sikio lenyewe likiwa safi, huweza kutoka kooni, kwa kuwa neva zinazohudumia koo hupeleka matawi hadi sikioni. Uvimbe wa nyuma ya pua, ambao madaktari wa Nairobi waliuchunguza sana tangu miaka ya 1960 kutokana na wingi wake katika nyanda za juu za Kenya, huanza kwa sikio moja kuziba, pua kutoa damu kidogo kidogo, kisha tezi shingoni. Nao huwapata hata vijana. Kidonda cha kinywani kisichopona, damu kwenye makohozi, kupaliwa kila unywapo maji, kupungua uzito bila sababu, vyote hivi vina haki ya kuhesabiwa siku. Pumzi inayotoa mlio kama wa filimbi haina kuhesabiwa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Je, nani yuko hatarini zaidi? Sigara na tumbaku ya kutafuna au kunusa viko mbele, na pombe inafuata kwa karibu. Vikikutana katika mwili mmoja madhara yake huzidishana kuliko kujumlishwa. Katika vilabu vya pombe za kienyeji vya Kilosa, msokoto na kata ya pombe hukaa mkono mmoja na mwingine, na gongo inapoingia hali huwa mbaya zaidi. Lakini ukanda wetu una wagonjwa wengi wa umio ambao hawajawahi kuvuta wala kunywa, na watafiti wamekuwa wakitafuta sababu kwenye meno na usafi wa kinywa, kwenye moshi wa kuni, na kwenye kikombe cha chai.

Chai inahitaji kuzungumziwa kidogo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti walikuwa wamepima joto la chai katika mkono wa mnywaji mkoani Kilimanjaro, na wastani wa joto pale mtu alipopiga funda la kwanza ulizidi nyuzi 70. Chai ya maziwa ilinywewa ikiwa moto kuliko ya rangi. Yeyote aliyealikwa katika boma la wafugaji, au aliyeketi mgahawani Dumila alfajiri kusubiri basi, anajua kwamba chai iliyopoa huhesabiwa kuwa dharau kwa mgeni. Hakuna haja ya kuiacha. Ikisubiri dakika tano mezani inashuka chini ya mpaka huo, na mwenyeji akieleza sababu mgeni hatakasirika.

Sasa turudi kwenye kutazama koo, maana kinga peke yake haitamsaidia aliyekwisha kuota uvimbe. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba aitwaye Manuel García, Mhispania aliyefundisha London, alitaka kujua nyuzi za sauti zinafanyaje kazi. Alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakitia mwisho wa kinywa, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Kioo cha aina hiyo ndicho Gerhardt alichomwingizia Friedrich. Kingali kinatengenezwa. Mtu mwenye kioo hicho, taa ya kichwani, taa ya spiriti ya kukipasha moto kisifunge ukungu, na mazoezi ya kutosha, anaweza kuona kongomeo la wagonjwa walio wengi ndani ya dakika tatu. Kamera nyembamba ya kupitisha puani ni bora zaidi, na hospitali za rufaa zinazo. Lakini kusubiri kila wilaya ipate kamera na bingwa ndipo koo la mkulima litazamwe ni kumwomba mgonjwa asubiri kitu ambacho ugonjwa wake hautakisubiri.

Kwa hiyo zipo hatua mbili ambazo Wilaya ya Kilosa inaweza kuzianza bila kungoja mradi kutoka nje.

Ya kwanza ni kuipa kanuni ya wiki tatu heshima ile ile iliyopewa kanuni ya kikohozi. Hakuna mtoto wa shule Tanzania asiyejua kwamba kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu. Wimbo huo uliingia vichwani kwa kurudiwa, kwenye mabango, redioni, katika mikutano ya kijiji. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima. Hao ndio watu wanaoingia hadi jikoni, wanaoweza kumwona babu anayesukuma ugali kwa maji. Wakipewa maswali matatu tu, la sauti, la kumeza na la uvimbe shingoni, pamoja na muda wa wiki tatu, watakuwa wamepewa chombo. Muuzaji wa duka la dawa muhimu naye afundishwe kuuliza tarehe kabla ya kuuza dozi ya pili ya kitu kile kile, na akijibiwa kwamba ni mwezi wa pili sasa, aandike karatasi badala ya kufungua kopo.

Karatasi hiyo impeleke wapi? Hapo ndipo inapoingia hatua ya pili. Hospitali ya Berega, ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Morogoro, iko jirani na Mamboya. Mikumi ina Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kilosa mjini kuna hospitali ya wilaya. Kila mojawapo ya hizo ikiwa na tabibu mmoja aliyepelekwa kujifunza kutazama koo kwa wiki chache chini ya bingwa, na siku moja ya wiki inayojulikana kuwa siku ya masikio, pua na koo, mgonjwa wa Mamboya angetazamwa bila kulala njiani. Walio na kitu cha kutilia shaka, ambao watakuwa wachache, wangetumwa mbele wakiwa na maelezo yanayoeleweka: kimeonekana nini, upande gani, tangu lini.

Mbele siku hizi si mbali kama zamani. Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Dar es Salaam kuna Muhimbili, na kando ya bahari kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la kale lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambamo Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, aliwahi kufanya utafiti. Tangu 1996 ni taasisi kamili ya saratani, na mionzi ya kutibu koo hutolewa humo. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma wiki chache baadaye, inapita Kilosa. Njia ipo. Kinachowachelewesha watu ni hofu ya gharama ya kukaa mjini wiki sita za mionzi bila ndugu wa kufikia, na hofu hiyo ni ya haki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa wagonjwa wa aina hii. Kwa wakati huu, asiyeweza kulipa asirudi nyumbani kabla ya kufika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo kazi yake mojawapo ni kushughulikia misamaha. Wengi hawajui kama mlango huo upo.

Zipo pia hofu zisizo za fedha. Kuna wanaoamini kuwa kisu na sampuli huuchokoza ugonjwa ukasambaa. Wameona jirani akipelekwa kupimwa na kufa baada ya mwezi, na wakaunganisha mambo hayo mawili. Jirani yule alikufa kwa sababu alifika akiwa anakunywa uji kwa kijiko, sampuli haikumuua. Kuna wanaoona aibu, wakidhani saratani ni laana au adhabu. Aibu hupungua ugonjwa ukitajwa kwa jina lake. Alipofariki Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, Februari 29, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba mzee alikuwa akiugua saratani ya mapafu, na nchi nzima ikaomboleza bila kumnong'ona mtu.

Watumishi wa afya watapinga, na pingamizi lao ni la kusikilizwa: zahanati ina mganga mmoja, foleni ya malaria, akina mama wajawazito, chanjo. Kumwongezea kazi ya koo ni kumlemea. Lakini kazi hiyo anayo tayari. Mgonjwa wa sauti anamjia mara nne au tano kabla hajakata tamaa, kila mara akitumia dakika, dawa na karatasi. Kumpa rufaa katika ziara ya pili kunapunguza kazi. Na mgonjwa aliyefika akiwa hawezi kumeza humgharimu kila mtu zaidi: kitanda, maji ya mshipa, ndugu wawili waliokatisha kilimo, na mwisho wake ni kuwekewa bomba la kupanua njia ili angalau ashushe uji, tiba yenye huruma ambayo Tenwek na hospitali nyingine za ukanda huu zimeifanya kwa maelfu kwa kuwa wengi wao hufika wakati wa kuponya umepita.

Mgonjwa mwenyewe naye asiingie chumba cha daktari mikono mitupu. Aende na tarehe sauti ilipobadilika, hata kama ni kwa kukumbuka sikukuu au msiba fulani. Aseme ni chakula gani kilianza kumshinda na kipi kinamshinda sasa. Aoneshe dawa zote alizokwisha kunywa, pamoja na mizizi, bila kuficha. Aseme kama anavuta na anakunywa. Kisha aulize kwa adabu, na arudie akipuuzwa: je, kuna mtu hapa anayeweza kunitazama koo mpaka kwenye sauti, na kama hakuna, nitampata wapi? Akiwa mzee wa kuona haya, mtoto aliyemsindikiza amuulizie. Hilo si kumkosea daktari heshima.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Madiwani wa Kilosa, akiwamo wa Mamboya, watakapoipitia bajeti ya afya ijayo, watakuta humo mafuta ya magari, posho za semina na ukarabati wa majengo. Vioo vitatu vya koo, taa tatu za kichwani na nauli za matabibu watatu kwenda kujifunza Morogoro au Dar es Salaam vinaweza kuandikwa katika mstari mmoja wa jedwali hilo, na mganga mkuu wa wilaya akaulizwa katika kikao cha robo mwaka inayofuata wamekwisha kutazamwa watu wangapi, na wangapi kati yao walikuwa bado wanakula ugali.